Kupata bweni unalolitaka chuo cha Marekani: kuna mbinu, au ni bahati tu?

Nyota_ya_Alfajiri

Habari za wakati huu wanajukwaa. Naomba msaada kwa wenye kuyajua haya mambo.

Mdogo wangu wa kike amepata nafasi ya shahada ya kwanza kwenye chuo kikubwa cha jimbo huko Marekani, ukanda wa Midwest (majimbo ya kati-kaskazini). Anaondoka Agosti. Nafasi imeshathibitishwa, I-20 (fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi) imetoka, na sasa mfumo wa malazi umefunguliwa. Hapo ndipo tumekwama. Fomu inamtaka apange mabweni matano kuanzia analolipenda zaidi, aseme anataka chumba cha mtu mmoja, wawili au watatu, ajibu maswali ya usingizi na usafi, kisha alipe amana. Mwisho wa kutuma imeandikwa 5/1.

Maswali yetu:

Kuwahi kutuma kunasaidia kweli, au wote mnaingizwa kapu moja? Na akijaza bweni lile lile moja tu, wataona amelitaka sana wampe?

Hatarudi nyumbani Desemba, nauli ni kubwa mno. Tumesikia kuna mabweni yanafungwa. Angependa pia penye jiko.

La mwisho ndilo zito. Ana selimundu. Baridi ikimpata, maumivu yanamlaza siku tatu. Mama anasema tusiiandike popote, wasije wakamnyima nafasi. Tufanyeje?

---

Mpanga_Vitanda

Karibu mkuu, na hongera kwa mdogo wako.

Kabla hajagusa fomu, atafute kwenye tovuti ya ofisi ya malazi ya chuo chake ukurasa unaoeleza vyumba vinagawiwa *vipi*. Karibu kila chuo kinao. Watu wengi wanaruka huo ukurasa, wanakwenda kutazama picha za vyumba. Ugawaji uko wa namna tatu hivi, na mbinu inayofaa kwenye namna moja haina kazi kwenye nyingine.

Namna ya kwanza ni foleni: aliyekamilisha maombi mapema anahudumiwa mapema. Hapo kila siku ina thamani. Angalia neno "kamilisha". Kujaza fomu Machi na kulipa amana Aprili kunahesabiwa Aprili. Wengi wanapotelea hapo, wanadhani wako mbele kumbe jina lao halijaingia hata foleni.

Namna ya pili ni bahati nasibu. Kila aliyetuma kabla ya tarehe ya mwisho anapewa namba na kompyuta, na namba ndiyo inayopanga nani achague kwanza. Hapa aliyetuma siku ya kwanza na aliyetuma siku ya mwisho wako sawa kabisa. Kinachoua ni kupitisha tarehe.

Namna ya tatu, ofisi yenyewe ndiyo inapanga. MIT, kwa mfano, mwanafunzi mpya anaorodhesha mabweni, kompyuta inagawa, na baada ya kufika kuna awamu ya kuomba kuhama. Chuo cha Yale unapangiwa kimoja kati ya "vyuo vya makazi" 14, ndivyo wanavyoyaita mabweni yao, kabla hujafika, wala huulizwi unapenda kipi. Harvard, mwaka wa kwanza ofisi ndiyo inapanga kwa dodoso, kisha mwezi wa tatu mnaingia kura kwa vikundi visivyozidi watu 8 kutafuta moja kati ya "nyumba" 12, yaani mabweni makubwa, mtakayohamia mwaka wa pili. Penye utaratibu wa hivi usipoteze nguvu kwenye jengo. Weka nguvu kwenye dodoso na kwenye nani unaungana naye.

Kuhusu kujaza bweni moja mara tano: asifanye hivyo. Mfumo hausomi hamu, unasoma nafasi. Bweni hilo likijaa, nafasi nne zilizobaki zinakuwa tupu na anapangiwa kokote kitanda kilipobaki. Na kitanda kinachobaki mwisho mara nyingi ni cha chumba cha watu wawili kilichoongezwa cha tatu, au jengo la mbali na madarasa.

Sasa mpangilio wenyewe wa hayo matano. Ulizeni ofisi kwa barua pepe swali moja: mnashughulikia mwanafunzi mmoja mmoja mpaka orodha yake iishe, au mnapitia machaguo ya kwanza ya wote, kisha ya pili ya wote? Tofauti yake ni kubwa. Tuseme bweni A lina vitanda 100 na watu 400 wameliweka la kwanza. Bweni B lina vitanda 200 na watu 220 wameliweka la kwanza. Wakishughulikia mtu mmoja mmoja, panga vile moyo unavyotaka: A, kisha B. Ukikosa A unaangaliwa B papo hapo, hujapoteza kitu. Lakini wakipitia kwa raundi, B limeshajaa kwenye raundi ya kwanza kabla machaguo ya pili hayajafunguliwa. Ukikosa A umekosa na B, unaangukia la tatu. Hapo ni heri kuliweka B la kwanza kama unaliridhia.

Na vyovyote iwavyo, matano yote yasiwe majengo mapya yenye kiyoyozi na bafu ndani. Hayo kila mtu anayataka. Aweke mawili ya ndoto, mawili ya kawaida yaliyo karibu na madarasa yake, na moja ambalo watu hawalikimbilii lakini anaweza kuishi humo mwaka mzima bila kulia. Majengo ya zamani ya korido, yenye bafu moja la pamoja kila ghorofa, huwa na foleni fupi na bei ya chini, na vyumba vyake mara nyingine ni vikubwa kuliko vya majengo mapya.

---

Saa_za_Kwetu

Naongeza mambo mawili ambayo yanawaponza sana watu wa huku.

5/1 ni tarehe 1 Mei, siyo 5 Januari. Wamarekani wanatanguliza mwezi. Na dirisha likifungwa 11:59 p.m. (kwa kuhesabu kwetu saa 5:59 usiku) kwa saa za kati za Marekani, sisi Afrika Mashariki tuko mbele yao kwa saa 8 wakati wa kiangazi chao. Kwa hiyo kwetu ni tarehe 2 Mei, saa 1:59 asubuhi. Sehemu ya ukanda huo, kama Michigan na Ohio, inatumia saa za mashariki, tofauti ni saa 7. Ikiwa baadaye atapewa muda wa kuchagua chumba mwenyewe mtandaoni, tuseme 9:00 a.m. (saa 3 asubuhi) kwao kwa saa za kati, kwetu ni saa 11 jioni. Awe kwenye intaneti ya uhakika nusu saa kabla, na namba za vyumba anavyovitaka ziwe zimeandikwa kwenye karatasi. Chumba ulichokifungua kutazama kinaweza kuchukuliwa na mwingine ukiwa bado unasoma.

La pili ni malipo. Kadi nyingi za benki za kwetu zimefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje mpaka uombe zifunguliwe, na zina kikomo cha siku. Piga simu benki siku mbili kabla. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inaweza kutosha kwa amana ndogo, ila hakikisha kikomo chake. Kama chuo kinapokea kwa uhamisho wa benki tu, hesabu siku kadhaa za pesa kusafiri, na uandike namba ya mwanafunzi kwenye maelezo ya malipo. Pesa ikifika bila namba inakaa kwenye akaunti ya chuo haina mwenyewe, na maombi yanabaki "hayajakamilika". Ikishindikana kabisa, andikia ofisi mapema uombe wasogeze malipo. Kwa mwanafunzi wa kimataifa baadhi ya vyuo hukubali, lakini ni kwa aliyeandika kabla ya tarehe.

---

Dada_wa_Zahanati

Mdogo wangu Nyota, nijibu hilo la selimundu, maana ndilo linaloweza kumpa chumba kizuri kwa haki kabisa, na mkikaa kimya mnalipoteza.

Mwambieni mama hivi: nafasi ya masomo ameshapewa, na ombi la mahitaji ya kiafya haliendi kwa waliompa nafasi. Linakwenda kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu na mahitaji maalumu. Marekani kuna sheria mbili za kumlinda, ya mwaka 1973 na ile ya ulemavu ya mwaka 1990. Chuo hakiruhusiwi kumnyang'anya nafasi kwa sababu ya ugonjwa. Selimundu haionekani kwa macho, lakini ugonjwa wa kudumu unaomzuia mtu kufanya shughuli zake unahesabika.

Kuweka tiki kwenye fomu ya malazi peke yake hakutoshi. Kuna fomu tofauti kwenye ofisi hiyo, na ina tarehe yake ya mwisho, ambayo mara nyingine inatangulia ile ya malazi. Aitume wiki hii.

Barua ya daktari ndiyo kila kitu, na barua nyingi zinakataliwa kwa sababu zinasema tu "mgonjwa huyu ana selimundu, apewe chumba kizuri". Iandikwe kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, sahihi, muhuri, namba ya usajili wa daktari na tarehe ya karibuni. Ndani yake viwepo vitu vitatu vilivyofungamana: ana nini, kinamzuia nini, kwa hiyo anahitaji nini. Mfano:

Baridi na mabadiliko ya ghafla ya joto humletea maumivu makali, kwa hiyo anahitaji chumba ambacho joto lake linarekebishwa ndani ya chumba, siyo kwa jengo zima. Joto kali humkausha maji mwilini na kuleta maumivu yale yale, kwa hiyo kiyoyozi Agosti na Septemba. Analazimika kunywa maji mengi mchana na usiku na figo zake hazibani mkojo vizuri, kwa hiyo awe karibu na choo. Maumivu ya nyonga na miguu humzuia kupanda ngazi, kwa hiyo ghorofa ya chini au jengo lenye lifti. Kutembea muda mrefu kwenye theluji ni hatari kwake, kwa hiyo jengo lililo karibu na madarasa au kituo cha basi la chuo.

Daktari aandike yale yaliyo kweli kwake tu. Na asitaje jina la bweni. Ofisi inatoa *sifa za chumba*, haitoi jengo unalolipenda. Barua ikisema "anahitaji kuishi bweni fulani" wanaona mtu anatafuta njia ya mkato. Sifa zikitajwa vizuri, majengo yanayozitimiza yanajitokeza yenyewe, na mara nyingi ni machache.

Chumba cha peke yake kiombwe kama kuna sababu ya kiafya kweli. Kina gharama zaidi kwa kawaida, kwa hiyo ulizeni kabla kama kikitolewa kwa sababu ya ugonjwa atalipishwa bei ya chumba cha mtu mmoja au ya wawili. Vyuo vinatofautiana. Na kwa mgonjwa wa selimundu, kuwa na mwenzake chumbani wa kumwitia msaada usiku ni jambo la kulifikiria.

Ombi likikubaliwa atapata barua. Asiamini kwamba ofisi mbili zimezungumza. Aiandikie ofisi ya malazi, aambatanishe ile barua, aulize kama imeonekana kwenye maombi yake.

---

Jiko_na_Desemba

Hili la kufungwa ni kweli, na msichukulie poa. Mabweni mengi ya mwaka wa kwanza yanafungwa katikati ya Desemba mpaka Januari, karibu mwezi mzima, na mengine yanafungwa pia wiki ya Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Kufungwa maana yake kadi ya mlango haifanyi kazi, na ukumbi wa chakula umefungwa. Wapo wanaogundua wiki moja kabla, nje theluji imejaa.

Kwenye orodha ya majengo kuna alama ya yale yanayobaki wazi mwaka mzima. Ayatafute hayo kwanza, ndipo apange mengine. Kama hayapo kwenye matano yake, aulize mambo mawili: kuna nyongeza ya malipo ya kukaa likizoni ndani ya chumba chake, au atahamishiwa jengo lingine kwa muda? Yote mawili yana fomu na tarehe, mara nyingi Oktoba au Novemba.

Jiko: mabweni ya korido huwa na jiko moja la pamoja, pengine kwa ghorofa, pengine kwa jengo zima, sufuria unaleta mwenyewe. Jiko la ndani liko kwenye nyumba za mtindo wa apatimenti, ambazo mwaka wa kwanza hawapewi kirahisi. Tena mwaka wa kwanza mara nyingi lazima ununue mpango wa chakula wa chuo, hata ukiwa na jiko. Asome masharti asije akalipa mara mbili. Na asifunge kwenye begi jiko la umeme au kikaango. Vitu vyenye waya wa moto ulio wazi vinakatazwa karibu kila mahali, na kwa vyuo vingi hata mashine ya kupikia wali hairuhusiwi chumbani. Wanakagua.

Njia ambayo wengi hawaijui: jumuiya za makazi. Ni ghorofa au bweni zima lililotengwa kwa kundi, labda wahandisi, wanawake wa sayansi, wanafunzi wa kimataifa, wanaopenda lugha fulani. Vitanda vyake havimo kwenye foleni ya kawaida. Unaomba kwa insha fupi, na ukichaguliwa umeingia jengo hilo hata kama kwa foleni usingelipata. Bweni la kimataifa mara nyingi ndilo linalobaki wazi Desemba na lenye jiko linalotumika kweli. Insha iseme atafanya nini humo: atawafundisha wenzake Kiswahili kila Alhamisi, atapika siku ya sherehe. Wasomaji wa insha hizo wanatafuta mtu atakayeshiriki. Wakisoma "jengo lenu ni zuri na liko karibu", wanaiweka pembeni. Ila ajue kuna jumuiya zinazodai usome kozi fulani pamoja nao. Akiingia kwa ajili ya chumba tu, kozi hiyo itamfuata muhula mzima.

---

Nyota_ya_Alfajiri

Mungu awabariki sana. Mama amesoma hapa kwa Dada wa Zahanati na amekubali, kesho tunakwenda kliniki na orodha ile ya sifa.

Tumeupata huo ukurasa. Chuo chake kinafuata tarehe ya kukamilisha maombi, kinashughulikia mwanafunzi mmoja mmoja. Fomu ina swali: kipi muhimu zaidi kwako, jengo au aina ya chumba? Na kuna binti kutoka India wamefahamiana kwenye kundi la wanafunzi wapya, anataka wakae chumba kimoja. Yeye bado hajalipa amana.

---

Mpanga_Vitanda

Swali la jengo au aina ya chumba ndilo linaloamua yote, na watu wanalijibu bila kufikiri. Akijibu "aina ya chumba" na amechagua cha mtu mmoja, kompyuta itatafuta chumba cha mtu mmoja popote chuoni, hata jengo la mwisho kabisa kwenye orodha yake, kabla ya kumpa cha wawili kwenye jengo la kwanza. Kwa hali yake, ambapo jengo kuwa wazi Desemba ni lazima, ajibu "jengo" na achague chumba cha wawili. Mahitaji ya kiafya yatashughulikiwa na ile barua, yasitafutwe kwa swali hili.

Kuhusu huyo rafiki: kwenye mfumo, ombi la kukaa pamoja ni lazima liwe la pande zote mbili. Huyu amwandike yule, yule amwandike huyu, kwa namba ya mwanafunzi au barua pepe ya chuo, herufi kwa herufi. Upande mmoja ukikosea, hakuna ombi. Kisha muulize ofisi: kikundi kinapewa tarehe ya nani? Kuna vyuo vinachukua ya aliyechelewa, vingine wastani, vingine ya aliyewahi. Ikiwa ni ya aliyechelewa, na mdogo wako amekamilisha leo halafu mwenzake akalipa mwishoni mwa Aprili, wote wawili wanashuka mpaka huko. Akamilishe yake peke yake leo. Ombi la mwenzake linaweza kuongezwa baadaye, mwenzake akishalipa. Orodha zao za mabweni nazo zifanane, maana mfumo ukikuta zinapingana, mara nyingi ndilo ombi la kukaa pamoja linaloachwa.

Dodoso la usingizi na usafi alijaze yeye mwenyewe, mama asiwe amesimama nyuma yake. Akiandika analala saa 3 usiku ili aonekane mtulivu, na kweli anasoma mpaka saa 8, atapewa mtu anayezima taa saa 3.

---

Kitanda_cha_Pili

Na akikosa, bado haijaisha. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane watu wanajitoa: wamekosa viza, wamehamia chuo kingine, wameamua kukaa kwao. Vitanda vinarudi. Ajiandikishe kwenye orodha ya kusubiri siku ile ile anayopata majibu, kwanza akiwa ameshaupokea mkataba aliopewa. Asiukatae kwa matumaini ya kitu bora. Akiukataa anabaki hana kitanda, na pengine amana imepotea.

Wakishafika, vyuo vingi vinazuia kuhama wiki mbili za mwanzo ili wahesabu nani hakutokea. Dirisha la kuhama likifunguliwa, siku ya kwanza ndiyo yenye vyumba. Njia nyepesi zaidi ni kubadilishana: mtu anayekaa bweni analolitaka mdogo wako, naye akilitaka la mdogo wako, wote wawili wanaandika ofisini. Wasibadilishane funguo kimyakimya, ni kosa la mkataba na faini ipo.

Angalieni pia tarehe ya kufika. Kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, anaweza kuingia Marekani hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20, lakini bweni linafunguliwa siku chache tu kabla ya masomo. Semina ya wanafunzi wa kimataifa huwa mapema zaidi, kwa hiyo aombe kufika mapema, kwa maandishi, *kabla* ya kukata tiketi. Na aangalie chanjo zinazodaiwa ili upewe funguo. Texas, kwa mfano, sheria inawataka wanafunzi wapya wa chini ya miaka 22 wawe wamechanjwa homa ya uti wa mgongo angalau siku 10 kabla ya masomo kuanza. Jimbo lake linaweza kuwa na lake.

Shuka anunue akishafika. Magodoro mengi ya huko ni Twin XL, inchi 38 kwa 80, na shuka za futi tatu na nusu kwa sita za kwetu zitafunuka miguuni.

Leo usiku akishalipa, apige picha ya ukurasa wa uthibitisho wenye tarehe, saa na neno la kwamba maombi yamekamilika, kisha ajitumie kwenye barua pepe yake.